Stanisława, Stella na ukuta wa majina

Kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikisoma orodha moja ya majina jinsi watu wengine wanavyosoma diwani: kidogo kidogo, usiku, nikirudi nyuma kila mara. Ni orodha ya wanamichezo walioingizwa katika Ukumbi wa Kitaifa wa Mashujaa wa Michezo wa Wamarekani wenye Asili ya Polandi. Jina refu, najua. Ukumbi ulianzishwa mwaka 1973 katika jimbo la Michigan, na kumbukumbu zake ziko katika kituo cha utamaduni cha Wapolandi huko Troy, mji ulio kaskazini mwa Detroit. Kila mwaka kuna karamu, majina mapya yanasomwa, watu wanapiga makofi, orodha inaongezeka. Sasa imepita mia moja.

Mkenya na Wapolandi wa Michigan, wapi na wapi? Si tuna mabingwa wetu tele ambao hata hatujamaliza kuwashukuru? Kweli kabisa. Lakini orodha hii imenishika kwa sababu inagusa vidonda viwili ambavyo sisi, taifa linalojisifu kwa miguu ya watu wake, bado hatujavifunga. Cha kwanza: mwanariadha aliyelelewa hapa akakimbilia bendera ya kule, huyo ni wa nani? Cha pili: mwanamke akishinda, kisha mwili wake ukageuzwa kesi ya hadharani, jina lake tunaliweka wapi? Watu wa Michigan walijibu maswali yote mawili zamani, na nadhani walijibu vizuri kuliko walivyojua. Ninachokilaumu ni kitu kingine. Ni lugha ya sifa yenyewe, hii lugha ya vibao na karamu, ambayo ni fupi kuliko watu inaowasifu.

Tuanze na lile la msingi. Marekani haina upungufu wa kumbi za mashujaa. Besiboli ina wake Cooperstown, mpira wa vikapu una wake Springfield, na ule mpira wao wa kubeba mkononi una wake Canton, Ohio. Stan Musial, mtu wa kwanza kabisa kuingizwa katika ukumbi wa Wapolandi, alikuwa tayari Cooperstown tangu 1969. Sasa Michigan walikuwa wanamwongezea nini? Naona hivi: Cooperstown inakwambia mtu alifanya nini, Michigan inakwambia ni mtoto wa nani. Na kwa Wapolandi swali hilo la pili halikuwa jepesi. Polandi iliondolewa kwenye ramani mwaka 1795, ikagawanywa na Urusi, Prussia na Austria, na haikurudi hadi 1918. Wale waliopanda meli katika miaka hiyo 123 walifika Marekani wakiwa na karatasi za Tsar au za Kaiser. Pasipoti haikuweza kuthibitisha Upolandi wa mtu. Ulithibitishwa na lugha ya jikoni, na kanisa, na jina.

(Huku kwetu Wapolandi si wageni kabisa. Maelfu waliong'olewa makwao katika Vita vya Pili vya Dunia waliishia Tengeru, karibu na Arusha, na makaburi yao yapo hadi leo. Ni watu ambao nchi yao imekuwa na mazoea ya kuwa mahali pengine.)

Marekani waliingia machimbo ya makaa ya Pennsylvania, viwanda vya chuma vya Gary na Cleveland, na viwanda vya magari vya Detroit. Kuna mji mdogo uitwao Hamtramck, umezungukwa na Detroit karibu pande zote, ambao kiwanda cha Dodge kiliujaza Wapolandi mpaka Kipolandi kikawa lugha ya dukani. Watoto wao wakaingia uwanjani kwa sababu uwanja haukuuliza lafudhi. Halafu, katika miaka ya 1960 na 1970, televisheni ya Marekani ikapata mchezo wake: vichekesho vya Mpolandi mjinga. Ngapi zinahitajika kubadilisha balbu, mambo ya aina hiyo. Mimi nausoma ukumbi wa 1973 kama jibu kwa vichekesho hivyo. Jibu la watu wa kiwandani: hawakuandika insha, walileta orodha ya waliowashinda.

Sasa majina. Hapa ndipo msomaji wa fasihi anapata riziki yake.

Al Simmons, mmoja wa wapigaji hatari wa besiboli katika miaka ya 1920 na 1930, alizaliwa Milwaukee akiitwa Aloysius Szymanski. Tony Zale, bingwa wa dunia wa ndondi uzani wa kati, yule aliyepigana na Rocky Graziano mara tatu kati ya 1946 na 1948 na kushinda mbili, alikuwa Anthony Zaleski kutoka Gary. Stanley Ketchel, bingwa wa uzani huohuo aliyeuawa kwa risasi mwaka 1910 akiwa na miaka 24 tu, alikuwa Stanisław Kiecal wa Grand Rapids. Stan Coveleski, aliyeishindia Cleveland mechi tatu katika fainali za besiboli za 1920, alizaliwa Kowalewski, na akiwa na miaka 12 alikuwa tayari anafanya kazi machimboni. Unaposoma ukuta huu unasoma majina yaliyokatwa. Kila moja lina kovu pale silabi zilipoondolewa, na kila kovu lina sababu: mwandishi wa gazeti asiyeweza kuandika sz, promota aliyetaka jina linalotosha kwenye bango, kijana aliyechoka kurudia jina lake mara tatu kila anapoajiriwa.

Halafu kuna wale waliokataa kukatwa. Carl Yastrzemski, mtoto wa wakulima wa viazi wa Long Island, aliichezea Boston miaka 23 na jina lake lote, ingawa mashabiki walijipa likizo wakamwita Yaz. Na Mike Krzyzewski, mtoto wa Chicago aliyeifundisha timu ya vikapu ya Chuo Kikuu cha Duke kuanzia 1980 hadi 2022 na kutwaa mataji matano ya kitaifa, ulimwengu unamjua kama Kocha K. Yeye alibakiza herufi zake zote kumi. Umma ukambakishia moja.

Nilichokipenda ni kwamba orodha haiwabagui. Aliyekata na aliyekataa wanakaa pamoja, kwa mpangilio uleule, na hakuna anayeitwa msaliti. Al Simmons yupo kama Al Simmons. Hakulazimishwa kurudi kuwa Szymanski ndipo akubalike nyumbani.

Sisi suala hili tunalielewa bila kuelezwa. Agosti 2003, Paris, fainali ya dunia ya mbio za mita 3000 kuruka viunzi na maji, Ezekiel Kemboi wetu akamaliza wa pili. Wa kwanza alikuwa Saif Saaeed Shaheen wa Qatar, ambaye wiki chache kabla ya hapo alikuwa Stephen Cherono wa Kenya. Nakumbuka makelele ya wakati ule, kwenye redio na kwenye matatu: wengine wakisema ameuza nchi, wengine wakiuliza nchi ilikuwa imempa nini cha kumfanya asiiuze. Mwaka uliofuata akaweka rekodi ya dunia, dakika 7 sekunde 53.63, na rekodi hiyo ikakaa mpaka 2023. Karibu miaka ishirini, bana. Zaleski alikata jina ili akubalike pale alipo. Cherono alibadilisha lake ili aweze kuondoka. Si jambo moja, nakubali. Lakini jaribu kufikiria ukuta hapa kwetu ambao ungemwandika Shaheen bila kumsimanga. Mimi sijauona.

Nirudi kwa Musial, maana yeye ndiye mlango wa ukumbi huu na pia ndiye anayeonyesha kasoro ya lugha yake. Takwimu zake ni tamu hata kwa mtu asiyejua besiboli. Alipiga mpira salama mara 3,630 katika maisha yake, mara 1,815 akiwa nyumbani na mara 1,815 akiwa ugenini. Sawasawa kabisa, kama mtu aliyepima kwa mizani. Misimu 22, timu moja tu, St. Louis. Ukitaka kuandika kibao, umemaliza. Namba zenyewe zinaimba.

Lakini Musial alitoka Donora, Pennsylvania, mji wa viwanda vya chuma na zinki, ambako baba yake Łukasz, mhamiaji kutoka Polandi, alichakaa kazini. Mwisho wa Oktoba 1948 moshi wa viwanda hivyo ulitanda juu ya mji ukakataa kuondoka. Watu 20 walikufa na maelfu wakaugua, na tukio hilo ni moja ya yale yaliyoifanya Marekani ianze kufikiria sheria za hewa safi. Łukasz alifariki Desemba mwaka huohuo. Na 1948 ndio mwaka ambao mwanawe alicheza msimu bora kuliko yote. Kibao kinajua kuandika msimu. Hakijui kuandika moshi. Si kwamba mtu ameficha. Ni aina ya uandishi yenyewe, ambayo kazi yake ni kupandisha, na moshi haupandishi mtu. Kwa hiyo asili, ambayo ndiyo sababu ya ukumbi kuwepo, inabaki kuwa neno zuri lisilo na harufu.

Tena hata hiyo asili, ukiichunguza, haina usafi ambao wenye kupenda asili huupenda. Mama yake Musial alikuwa wa ukoo wa Warusini wa milima ya Karpati, jamii ndogo nayo isiyo na nchi, na wao pia wanamdai Stan kuwa wao. Sioni tatizo. Nusu ya baba ilitosha kufungua mlango wa 1973, na wenyewe Polandi hawakulalamika: mjini Kutno kuna uwanja wa besiboli wa watoto wenye jina lake.

Kuna mchezo mwingine katika orodha ambao ningeupita haraka kama nisingeona unavyorudi: ule wa kuviringisha tufe na kuangusha pini. Majina kibao. Ed Lubanski wa Detroit, mwaka 1959, mbele ya kamera za televisheni, aliangusha kila kitu michezo miwili mfululizo, alama 300 kisha 300 tena. Kumbi kubwa za michezo za Marekani haziweki mtu kama huyo karibu na Musial. Hapa wanakaa pamoja, kwa sababu huu ulikuwa mchezo wa zamu ya jioni, wa watu wenye mafuta ya mashine chini ya kucha. Hapo orodha inasema ukweli kuhusu waliojenga ukumbi kuliko hotuba yoyote.

Lakini jina linalonifanya niirudie ni la mwaka wa pili. 1974: Stella Walsh.

Stanisława Walasiewicz alizaliwa 1911 katika kijiji cha Wierzchownia, sehemu ya Polandi iliyokuwa chini ya Urusi, na akapelekwa Cleveland akiwa bado mchanga. Shuleni na magazetini akawa Stella Walsh. Alikimbia kwa namna ambayo Cleveland ilikuwa haijaiona kwa msichana. Ukifika 1932 kila mtu anajua atashiriki Olimpiki ya Los Angeles; swali ni kwa shati lipi. Mdororo wa uchumi ulikuwa umeikaba Marekani, na yeye akapoteza kazi yake ya ukarani katika kampuni ya reli. Jiji la Cleveland likamwonyesha nafasi katika idara yake ya michezo na burudani, lakini kanuni za wakati ule zilisema mwanamichezo wa ridhaa akilipwa kwa kazi ya michezo, basi si wa ridhaa tena, na Olimpiki kwaheri. Ubalozi mdogo wa Polandi mjini New York nao ukamwonyesha kazi yake. Hakuwa bado raia wa Marekani. Akachagua kazi, akachagua Polandi, na katika ardhi ya Marekani, mbele ya Wamarekani, akashinda mita 100 kwa sekunde 11.9 akiwa na tai mweupe kifuani.

Hapa nisimame kidogo, maana ndipo ile hadithi yetu ya Cherono inapopata ndugu yake mkubwa. Stella hakuuza nchi. Alikuwa na nchi mbili ambazo zote zilimpenda akikimbia, na moja tu ndiyo iliyompa mshahara bila kumnyang'anya mbio. Kila tunapozungumza kuhusu vijana wa Bonde la Ufa waliokwenda Qatar na Bahrain, tunazungumza kana kwamba waliondoka kwenye meza iliyojaa chakula.

1936, Berlin, alichukua fedha nyuma ya Mmarekani Helen Stephens. Kisha yakatokea maneno: Stephens, wakasema, ni mwanamume. Waandaaji wa Kijerumani wakatangaza kwamba alichunguzwa na ni mwanamke. Kumbuka tukio hilo. Mwanamke anakimbia kasi kuliko tulivyozoea, na watu wanadai kumwona uchi ndipo waamini saa.

Stella alibaki Cleveland. Uraia wa Marekani aliupata 1947. Aliendelea kukimbia akiwa na umri ambao wenzake wanafuga wajukuu, akawafundisha watoto wa mtaa, na katika miaka ya mwisho akafanya kazi katika idara ileile ya michezo ya jiji ambayo mwaka 1932 hakuweza kuikubali. Ukumbi ulipomwita 1974 alikuwa hai, akajua kwamba anakumbukwa. Hilo si dogo. Nchi nyingi hupendelea mashujaa waliolala.

Tarehe 4 Desemba 1980, akiwa na miaka 69, alipigwa risasi katika maegesho ya duka la bei nafuu mjini Cleveland, kwenye jaribio la wizi. Kwa kuwa ni kifo cha mauaji, maiti ilipasuliwa. Na kilichopatikana kikatoka nje: mwili wake ulikuwa na maumbile yasiyoangukia upande mmoja waziwazi, na kromosomu zake zilikuwa mchanganyiko. Habari hiyo ikapelekwa kwenye televisheni ya jiji ambalo watu wake walikuwa wanajiandaa kumzika. Ripoti ya mchunguzi wa vifo ilipokamilika mwanzoni mwa 1981 ilisema kwamba kijamii na kisheria aliishi na kufa kama mwanamke. Nani alisoma ripoti? Kichwa cha habari kilikuwa kimeshakimbia, na chenyewe kilikuwa na kasi kuliko Stella.

Wapo waliodai medali zirudishwe. Hazikurudishwa. Na katika ukuta wa Michigan, wa watu wengi wao Wakatoliki wa mtaani, wafanyakazi, wazee, watu ambao kwa kanuni za vichekesho vya televisheni walipaswa kuwa wa mwisho kuelewa, jina halikuondolewa. Lilikuwepo 1974, lipo leo. Stella Walsh, riadha.

Ndiyo maana nikasema walijibu vizuri. Ukumbi wa asili haukumpima kwa kromosomu kwa sababu haukuwa umemwingiza kwa kromosomu. Alikuwa mtoto wao aliyekimbia. Swali lao lilikuwa ni wa nani, na jibu la swali hilo halikubadilika kwenye meza ya kupasulia.

Lakini jina pekee halitoshi, na hapa ndipo ninapoacha kupiga makofi. Lugha ya kibao inapokutana na maisha kama haya ina njia moja tu: inahesabu medali, inataja miaka, inanyamaza. Mwaka 1981 ukimya ulikuwa heshima, nakubali, pengine heshima pekee iliyobaki baada ya kamera. Leo ukimya huo umezeeka. Simaanishi kwamba ningetaka ripoti ya upasuaji ipigiliwe ukutani. Hiyo ingekuwa kumuua mara ya pili. Mwili wake si mali ya umma, na wageni wa karamu hawana haja ya kuujua. Ninachotaka kiandikwe ni kitendo cha ukumbi wenyewe: kwamba ulimwengu ulipouliza maswali, jina lilibaki. Hicho ndicho kisa. Kukiacha nje ni kuacha sehemu ya ushujaa wa watu walioujenga ukumbi.

Mtu aliyelelewa na tendi ana kitu cha kulinganisha. Fumo Liyongo, shujaa wa Pate na Ozi, naye alikuwa na siri ya mwili: hakufa kwa mkuki wala mshale, ila kwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Siri hiyo akaichota mwanawe na kumuua nayo. Utenzi haufichi kitovu. Haukwepi kusema kwamba mwili wa shujaa ulikuwa tofauti na miili mingine, na msomaji hamdharau Liyongo kwa hilo. Anayedharauliwa ni yule aliyeichukua siri akaifanyia biashara. Kila mtu Lamu anajua aibu ya kisa kile ni ya nani. Sifa zetu za zamani ziliweza kubeba ushindi, mwili na usaliti katika pumzi moja, na hazikuona kwamba shujaa anapungua. Kibao cha ukumbi wa kisasa hakijui kufanya hivyo, si Michigan tu, popote.

Na kwa nini nalilia jambo la Cleveland la 1980? Kwa sababu halikuishia pale. Hata kabla ya kifo cha Stella, Mpolandi mwingine alikuwa ameshapitia tanuri hilo. Ewa Kłobukowska, mwenye dhahabu ya kupokezana vijiti ya Tokyo 1964, alishindwa kipimo cha kromosomu mwaka 1967, na mwaka 1970 shirikisho la riadha likafuta rekodi zake za dunia. Yeye alikuwa hai, kijana, na alisoma mambo yake magazetini. Halafu tukafika Rio, 2016, mita 800 wanawake. Caster Semenya wa Afrika Kusini wa kwanza, Francine Niyonsaba wa Burundi wa pili, Margaret Wambui wa Kenya wa tatu. Miaka michache baadaye kanuni mpya za homoni zikawaambia wote watatu: dawa, au tafuteni umbali mwingine. Niyonsaba akahamia mbio ndefu, akafanya vizuri huko, mpaka 2023 kanuni zikapanuliwa zikafunika mbio zote. Wambui mita 800 zake ziliishia hapo. Na tangu Septemba 2025 kila mwanamke anayetaka kushindana katika mashindano ya dunia ya riadha anatakiwa kupimwa jeni kwanza. Ile ndoto ya Berlin, ya kuchungulia kabla ya kuamini saa, sasa ina fomu na maabara.

Unaweza kutetea kanuni hizo. Wapo wanariadha wa kike wanaozitetea kwa hoja nzito, na sitawaita wabaya. Usawa wa mbio ni swali la kweli na halijibiwi kwa huruma peke yake. Lakini kanuni ya nani ashindane kesho si kanuni ya nani akumbukwe. Haya ni mambo mawili, na huku kwetu tumeyachanganya kimyakimya. Medali ya shaba ya Wambui ipo halali, hakuna aliyeifuta. Alishinda kwa kanuni zilizokuwepo siku ile. Sasa hebu jiulize mara ya mwisho ulimsikia akitajwa lini siku ya Mashujaa, kwenye zile hotuba ndefu ambapo tunawataja kuanzia Kipchoge Keino mpaka mtoto aliyeshinda juzi. Hakuna aliyemtoa kwenye orodha. Ila msomaji wa orodha akifika kwake hukohoa, akaruka mstari.

Wazee wa Michigan hawakuruka mstari. Ndiyo sababu nawadai zaidi, maana mtu aliyefanya nusu nzuri ndiye unaweza kumwomba nusu ya pili. Pale kwa Stella, ningeandika majina yote mawili, la Wierzchownia na la Cleveland, na herufi ile ya ł yenye mkato wake ibaki. Ningeandika kazi ya reli iliyopotea na kazi ya ubalozi iliyopatikana, ili asije mtu akadhani shati jeupe na jekundu alilivaa kwa kiburi. Sekunde 11.9, sawa. Kisha ningeandika alikuwa anafanya nini jioni ile ya Desemba. Timu ya taifa ya wanawake ya mpira wa vikapu ya Polandi ilikuwa inakuja kuitembelea Cleveland, jiji lilikuwa limepanga kuipokea, na Stella, mwenye miaka 69, ndiye aliyetumwa dukani kununua riboni za mapokezi.